Mkanda Uliofungwa Mgongoni

Chumba cha vifaa kilikuwa nyuma ya loji, na kila kitu ndani yake kilikuwa tayari kwa safari ambayo haikufanyika. Fito za kuvulia zilikuwa zimeshaunganishwa na kuegemezwa ukutani. Ovaroli za mpira, zile za kuingilia majini zinazopanda mpaka kifuani, zilining'inia kwenye misumari, na chini ya kila moja palikaa viatu vizito vilivyopigwa soli ya sufi ili visiteleze kwenye mawe. Visanduku vya chambo vilikuwa wazi mezani: vidudu vya bandia vilivyotengenezwa kwa manyoya ya ndege na nyuzi za rangi, vidogo kiasi cha kukaa juu ya ukucha. Kando yake kulikuwa na mikate iliyofungwa kwa karatasi ya kuliwa mtoni mchana, na chupa za chai. Chai yenyewe ilikuwa imeshapoa.

Msumari mmoja ulikuwa mtupu.

"Huo ndio wa mzee," alisema mwenye loji, mama wa makamo aliyevaa sweta mbili, macho yake mekundu kwa kulia. "Jana jioni tulimpimia ovaroli yake hapa hapa, nikaitundika kwa mkono wangu. Leo asubuhi nimeiona tena ikiwa mwilini mwake, na yeye keshakufa."

Inspekta hakugusa kitu. Alikuwa mwanamke mfupi wa sauti ya chini, na mazoea yake yalikuwa kuuliza swali moja kisha kungoja mpaka ukimya umchoshe mwenzake. Mwili wa marehemu alikuwa ameshautazama kwenye chumba cha kufulia, ulikolazwa juu ya meza. Mzee wa watu, daktari wa upasuaji aliyestaafu, amekufa maji alfajiri katika kilindi kilicho chini ya loji kabla wenzake hawajaamka. Alikuwa na jeraha kipajini, la aina anayopata mtu akijigonga kwenye jiwe, au akigongwa nalo. Na mkanda wa ovaroli yake, ule unaokazwa kiunoni ili maji yasiingie, kifungo chake kilikuwa nyuma, katikati ya mgongo.

"Nani waliolala hapa jana?"

"Mimi, mpishi wangu, na mwongoza wavuvi. Wageni walikuwa watatu tu. Mzee, mdogo wake na binti yake. Loji nzima walikodi wao. Mzee alisema hii safari ameisubiri siku nyingi."

Mdogo wa marehemu hakungoja kuitwa. Aliingia na koti lake la shingo ya manyoya, mtu mrefu mwenye sauti ya mahakamani, na kwa kweli huko ndiko alikofanya kazi maisha yake yote. Hata binti wa kaka yake, kwa utani, alikuwa na kawaida ya kumwita Wakili. Leo hapakuwa na utani.

"Inspekta, mimi sisemi neno nisiloweza kulisimamia."

"Lisimamie basi. Nakusikiliza."

"Jana jioni kaka aligombana na yule mwongozaji wenu wanayemwita Unyoya. Chumba hiki hiki. Mimi nilikuwa barazani, nikamsikia kaka akifoka, 'Wewe ni nani wa kunikataza?' Kaka yangu hakuwa mtu wa kufoka. Alikuwa akikata watu matumbo huku anaimba kwa sauti ya chini. Nikamuuliza wamegombania nini, akaniambia si kitu. Leo kunapambazuka, nafungua dirisha namwona huyo Unyoya anamburuta kaka kutoka majini. Peke yake. Hakupiga kelele wala hakuita mtu. Nimemfungia kwenye banda la mashua. Hakubisha hata kidogo. Mtu asiye na hatia hubisha."

"Wengine hawabishi."

"Na mkanda umeuona? Nani duniani anajifunga mkanda mgongoni? Kuna mtu amemvisha kaka, akampeleka mtoni kabla hatujaamka."

"Hapo tuko pamoja," alisema Inspekta. "Kuna mtu alimvisha."

Banda la mashua lilinuka lami na kamba zenye unyevu. Unyoya alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nguo zimemkaukia mwilini, na kwenye ukingo wa kofia yake kulikuwa na yale manyoya yaliyompa jina. Koplo, aliyekuja na Inspekta kwenye gari na tangu wafike alikuwa akisugua masikio kwa baridi, alisimama mlangoni na kalamu yake.

"Ulimkutaje?"

"Kifudifudi. Kwenye kilindi. Nikamtoa."

"Mbona hukuita mtu?"

"Nilikuwa namkandamiza kifua. Huwezi kumkandamiza mtu kifua huku unapiga kelele."

"Ulimvisha wewe?"

"Hapana."

"Mligombania nini jana?"

Unyoya alitazama mikono yake. "Nilimwambia simwingizi majini. Abaki ukingoni."

"Kwa nini?"

Kimya. Inspekta alingoja. Kimya cha Unyoya kilikuwa kirefu kuliko cha kwake, na hilo halikuwa limemtokea mara nyingi.

"Unajua hali yako ilivyo?" Koplo alishindwa kuvumilia. "Mtu amekufa, umeonekana naye, mmegombana, halafu unatunyamazia?"

"Najua."

Inspekta alimwambia Koplo avue koti. Akaagiza ovaroli moja iletwe kutoka chumba cha vifaa, akamwambia Unyoya amvishe Koplo kama anavyomvisha mgeni yeyote anayejiandaa kuingia mtoni. Unyoya aliinuka. Alimkalisha Koplo, akamwingiza miguu, akamvutia kanda mabegani, akamzungushia mkanda na kuufunga mbele, kidogo kushoto kwa kitovu. Kisha akaupiga kofi kifungo chenyewe.

"Mbona hapo?"

"Ndipo mkono wake unapofika. Mgeni akiona unambana, aulegeze mwenyewe. Sitaki mtu aniite katikati ya mto nikamfungue nguo."

Walipotoka nje, Koplo, akiwa bado ndani ya mpira ule na anatembea kama bata, alisema, "Afande, anaweza kuwa anatuchezea. Anajua tunatazama."

"Anaweza. Ndiyo maana bado yumo bandani."

Chumba cha marehemu kilikuwa ghorofani, kimetandikwa vizuri, madirisha yanatazama mto. Inspekta alianzia kabatini. Mashati ya mzee yalikuwa yametundikwa safi, yamepigwa pasi, yana vifungo vya rangi ya maziwa kutoka kolani mpaka chini. Alishika kimoja akajaribu kukifungua. Kikagoma. Alijaribu cha pili. Alipovuta kidogo shati lote likaachia kwa mlio wa kuchanika, na hapo akaona: vifungo vilikuwa vya maonyesho tu, vimeshonewa juu ya kitambaa, na chini yake ukashonwa utepe wa kunatana, ule wa viatu vya watoto. Mashati yote yalikuwa hivyo. Mshono ulikuwa mdogo, umelingana, wa mtu aliyezoea sindano kuliko fundi cherehani.

Viatu vyake havikuwa na kamba. Saa yake ilikuwa ya mkanda wa kunyumbuka. Kwenye stuli ya kitanda palikuwa na kikombe chenye kifuniko na mrija.

Akamwita mwenye loji pale pale.

"Jana mzee alikula nini?"

"Mchuzi. Binti yake aliomba mapema, siku ile walipopiga simu. Akasema baba yake ana meno mabovu, apikiwe kitu cha kijiko, na mpishi asiwahudumie mezani. Atamhudumia yeye mwenyewe."

"Na meno yake yalikuwa mabovu?"

Mwenye loji alifikiri. "Alikuwa anacheka sana. Meno yote yalikuwepo, tena mazuri."

Inspekta alirudi bandani akiwa na shati moja mkononi. Alilifungua mbele ya Unyoya bila kusema neno, ule mlio wa kuchanika ukasikika, na uso wa yule mwongoza wavuvi ukalegea.

"Uliiona mikono yake," alisema Inspekta.

"Nilimpa chambo akifunge kwenye mshipi. Kila mgeni nampa ajaribu. Mkono ulianza kucheza. Akaushika na wa pili, wa pili nao ukaanza. Ukawa kama umeme unapita. Mtu akiteleza mtoni huokolewa na mikono yake. Nikamwambia taratibu, mzee, wewe utavulia ukingoni. Ndipo akafoka. Halafu akaja karibu, akaniambia kwa sauti ndogo, nakuomba, usimwambie mtu."

"Sasa amekufa. Ungeweza kusema."

"Amekufa, ndiyo. Kwa hiyo hawezi tena kunipa ruhusa."

Koplo aliacha kuandika.

Sasa hesabu ya watu ilikuwa imepungua. Aliyemvisha mzee alijua kwamba hawezi kujivisha. Wakili alikuwa ameutaja mkanda kwa hasira ya mtu anayeamini kaka yake ana mikono mizima. Mwenye loji alikuwa ameamini habari ya meno. Alibaki aliyeshona mashati.

Binti wa marehemu alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha la sebule, amekaa wima, mikono mapajani. Alikuwa muuguzi, hospitalini wanamwita Sista, na mwenye loji naye alikuwa amelishika jina hilo tangu jana. Hakuwa amelia. Mpishi alikuwa amemletea uji, na uji ulikuwa umejifanyia ngozi juu.

"Sista, pole tena," alisema Inspekta. "Nataka kushuka mtoni nikapaone mahali penyewe, na nimeambiwa maji yanafika kifuani. Madude yale sijawahi kuyavaa. Njoo unisaidie."

"Afande, mimi nimeshajifunza, nita..." Koplo alianza. Inspekta alimtupia jicho, na Koplo akakumbuka kazi yake mlangoni.

Katika chumba cha vifaa Sista alifanya kazi bila haraka. Alimkalisha Inspekta kwenye benchi, akamwingiza mguu mmoja mmoja, akamsimamisha, akamvutia kanda mabegani na kuzinyoosha zisijikunje. Mikono yake ilikuwa myepesi, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulipata utulivu, uso wa mtu aliye kazini. Akamzunguka Inspekta kwa nyuma. Akapitisha mkanda, akauvuta, kifungo kikalia. Kisha akampiga begani kidogo, mara mbili, kama anayesema tayari.

Inspekta alipapasa tumboni kwake. Hapakuwa na kitu.

"Sista. Kifungo kiko wapi?"

Inspekta aligeuka. Sista alikuwa amerudi nyuma hatua moja, anaitazama mikono yake kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyekuwa akiitumia.

"Watu wote wanafunga mbele," alisema Inspekta, polepole. "Nani hufungwa nyuma?"

"Daktari," alisema Sista. "Daktari akishanawa haruhusiwi kugusa kitu. Anasimama amenyanyua mikono, hivi, na mtu anamfunga joho kwa nyuma. Mimi nilikuwa muuguzi wa baba katika chumba cha upasuaji. Nimemfunga maisha yangu yote ya kazi. Wallahi sikujua kama hata leo nimemfunga nyuma. Nilimfunga tu."

"Kaa chini. Nieleze."

Alikaa kwenye benchi, katikati ya viatu vilivyopangwa kwa safari.

"Alikuja kuniamsha kungali giza. Akaniambia, mwanangu, yule kijana amenikatalia, na anayo haki. Akija yeye nitawekwa ukingoni kama mtoto, na mdogo wangu ataona. Nipeleke sasa. Nataka kusimama majini peke yangu, mara moja tu, kabla mikono haijaniacha kabisa. Nikambishia. Nikambishia sana, Inspekta. Akaniambia, nimekuomba kitu gani tangu uzaliwe? Na kweli. Baba hakuwa mtu wa kuomba. Nikamvisha. Nikamfungia chambo. Tukashuka kwa njia ya nyuma, amenishika bega. Nikamsimamisha mahali maji yanapofika magotini, nikampa fimbo yake ya kujiegemezea. Nikataka kubaki. Akasema, nenda juu kwenye miti, na usinitazame. Nitakuita."

"Akakuita?"

"Hakuniita." Alisugua kiganja kwenye goti. "Mto una kelele. Nilikaa nimegeuza mgongo, kama alivyosema. Kulipoanza kuwa kweupe nikaona sasa basi, nikashuka, nikamkuta yule mwongoza wavuvi anamvuta. Niliona kichwa cha baba kinavyolegea. Kazi yangu ni ile, nilijua palepale. Nikakimbia chumbani."

"Na baba yako mdogo alipoanza kumwita yule mtu muuaji, ulikuwa wapi?"

"Mlangoni."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Ningesema nilimvisha, wangeniuliza kwa nini hakujivisha mwenyewe. Nilimuapia baba kwamba hakuna atakayejua." Kisha maneno yakamtoka kama mtu anayetapika. "Na niliogopa. Niliogopa labda alinituma juu makusudi. Labda alikuwa ameshaamua, akanitumia mimi nimvishe, nimfikishe, nimgeuzie mgongo."

Inspekta hakumwambia kwamba sivyo, kwa sababu hakujua. Alifungua mkanda wake kwa taabu, mkono umejipinda nyuma, akavua ovaroli na kuirudisha kwenye msumari wake.

"Ufunguo wa banda ninao mimi," alisema. "Mlango nitaufungua. Lakini ya kusema kule ndani si yangu. Tena utaanza na baba yako mdogo, ndiye aliyefunga."

Wakili walimkuta kwenye ngazi za nyuma. Sista alimwambia akiwa amesimama, maneno machache, bila kujitetea. Yule mtu mrefu alishika nguzo.

"Mikono ya kaka?" alisema. "Mikono ile?"

"Muda mrefu, baba mdogo. Ndiyo maana alistaafu. Si mgongo, kama alivyokwambia."

"Mbona mimi hakuniambia? Mimi si ndugu yake?"

"Wewe ndiye hasa aliyekuwa hataki ujue. Alisema ulikuwa unamtaja kila kesi, kila sherehe, kaka yangu ana mikono ya dhahabu. Alisema hawezi kukunyang'anya hilo."

Wakili aliiachia nguzo. Alishuka ngazi, akatangulia mwenyewe kuelekea bandani.

Inspekta alifungua kufuli. Unyoya aliinuka kwenye mtumbwi. Sista alisimama mbele yake, akasema, "Nilimvisha mimi. Nilimpeleka mimi. Nimekaa kimya umefungiwa humu, na ulikuwa unanitunzia siri nisiyojua kama unayo. Sijui nikuombe msamaha kwa maneno gani."

Unyoya alivua kofia. Alimtazama Wakili, ambaye hakuweza kumtazama, kisha akarudi kwa Sista.

"Alikuwa na samaki," alisema.

"Nini?"

"Mzee. Nilipomfikia mshipi ulikuwa umekaza, unakata maji. Samaki mkubwa, alikuwa bado anavuta kuelekea chini. Mzee alitoka kwenye maji ya magoti akamfuata. Fimbo yake nimeiona imekwama kwenye mawe pale maji yanapofika magotini. Aliitupa. Huwezi kushika fimbo na samaki kwa pamoja." Alitoa kisu kidogo mfukoni, akakionyesha bila sababu, akakirudisha. "Niliukata mshipi ili nimtoe yeye."

"Hili hukuniambia," alisema Inspekta.

"Uliniuliza nani alimvisha, na tuligombania nini. La samaki hukuuliza."

Inspekta alilipokea kwa kuinamisha kichwa. Lilikuwa kosa lake, na Koplo aliliandika kama yalivyoandikwa mengine.

Sista alikuwa amemkaribia Unyoya mpaka angeweza kumgusa. "Kwa hiyo hakuwa... Hakwenda tu majini."

"Mtu anayetaka kufa anauacha ufito uende, Sista. Yeye hakuuacha. Mikono yote miwili ilikuwa imeushika hapa, karibu na kifua. Nilipata kazi kubwa kuutoa. Nilimfungua kidole kimoja kimoja."

Sista alikaa chini pale pale, juu ya mbao zenye maji, na kilio alichokizuia tangu alfajiri kikamtoka kwa sauti, bila aibu, mpaka mpishi akatoka jikoni na kusimama uani ameshika mwiko. Wakili alipiga goti kwa uzito kando ya binti wa kaka yake, akamkumbatia kichwa. Kisha mkono wake mwingine ukanyooka, ukamtafuta Unyoya, ukamshika kwenye kiwiko cha shati lililokaukia mwilini, ukabaki umemshika.

Koplo alifungua ukurasa mpya. "Afande, maelezo ya binti niyachukue sasa?"

"Acha kwanza," alisema Inspekta. "Nenda kawaambie watoe ile chai waipashe moto."